Nyumba Kilimani Umepata, Nafasi ya Mtoto Je?

Soma tangazo lolote la nyumba inayouzwa Kilimani, Nairobi, na utakuta orodha ile ile: vyumba vitatu vya kulala, lifti, kisima cha maji, jenereta, maegesho ya magari mawili, na mwishoni kabisa maneno "karibu na shule bora". Ajenti huyaandika haraka na mnunuzi huyapita haraka. Kwa familia yenye mtoto wa miaka minne, hayo ndiyo maneno ya kusomwa kwanza na kuulizwa maswali mengi kuliko kisima na jenereta. Karibu na shule ipi? Ina nafasi? Karo yake mtaimudu mpaka mtoto amalize? Na hiyo "karibu", asubuhi ya Jumatatu, ni mwendo wa dakika ngapi?

Nimekuwa nikiwasikiliza watu wanaotafuta nyumba katika mtaa huu, hasa Wakenya walioishi miaka mingi ughaibuni na sasa wanataka kurudi au kuwaandalia watoto wao makao. Swali lao huwa moja: "Nikinunua hapa, mtoto wangu ataingia shule gani?" Ni swali la haki kule wanakotoka. Uingereza, shule ya umma ikipata maombi mengi kuliko viti ilivyo navyo, mara nyingi hutazama umbali kati ya lango lake na mlango wa nyumba ya mtoto, na wazazi hulipa fedha nyingi zaidi kwa nyumba iliyo upande unaofaa wa barabara. Marekani, anwani ndiyo humpangia mtoto shule ya umma, na kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha za shule hizo hutokana na kodi ya majumba ya eneo husika, mtaa wa nyumba ghali huwa na shule tajiri. Aliyezoea utaratibu huo akitua Kilimani hudhani kuna ramani mahali fulani, pengine katika ofisi za kaunti, inayoonyesha mipaka ya kila shule.

Ramani ya namna hiyo haimsaidii mtu hapa. Hatimiliki ya nyumba Kilimani haimpi mtoto wako kiti katika darasa lolote. Shule ya Upili ya Kenya High iko jirani, Kileleshwa, na unaweza kununua nyumba ambayo dirisha lake linatazama uwanja wake wa michezo. Binti yako hatapata nafasi kwa sababu hiyo. Ni shule ya kitaifa ya bweni; wasichana huingia kwa alama zao, kutoka kila pembe ya nchi. Nairobi School, upande wa Waiyaki Way, ni hivyo hivyo kwa wavulana. Shule za kibinafsi nazo huchagua zenyewe zinayemtaka, na kigezo cha kwanza ni kama una karo.

Hata hivyo nitakuwa nadanganya nikisema kwamba mipaka haipo. Ipo, na mingine ni migumu kuvuka kuliko ile ya London. Tatizo ni kwamba haikuchorwa mahali pamoja wala na mkono mmoja. Mnunuzi lazima aikusanye mwenyewe, kipande kwa kipande, kabla hajalipa asilimia 10 ya arubuni.

Zamani mipaka hiyo ilikuwa wazi. Wakati wa ukoloni Nairobi iligawanywa kwa rangi: Wazungu magharibi na kaskazini, kwenye vilima na udongo mwekundu, Wahindi Parklands, Ngara na Pangani, Waafrika mashariki, Pumwani, Kaloleni, Bahati. Ramani Kuu ya 1948, ambayo jina lake lenyewe lilitamka kwamba ni mpango wa mji mkuu wa kikoloni, iliukuta mgawanyiko huo na kuuacha usimame. Shule zilifuata mitaa. Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School, ilifunguliwa 1931 kwa wavulana wa Kizungu. Duke of York, ambayo leo ni Lenana, ikafuata 1949. Shule za msingi za Nairobi, Westlands na Kilimani zilijengwa kwa ajili ya watoto wa Kizungu waliokuwa wakiishi katika bangalo zenye nusu ekari ya bustani. Mtoto wa yaya aliyelala katika kibanda cha nyuma ya bangalo hiyo hiyo hakuwa na ruhusa ya kukaa kwenye dawati la shule hizo, hata kama lango la shule lilikuwa mbele ya macho yake kila siku. Barabara kuu ya mtaa huu leo ina jina la Argwings-Kodhek, mwanasheria Mwafrika aliyewatetea watuhumiwa wa Mau Mau mahakamani na ambaye alifia kwenye barabara hiyo hiyo Januari 1969. Wakati huo ilikuwa bado inaitwa Hurlingham Road.

Uhuru uliondoa rangi na kuweka karo. Shule za msingi za Baraza la Jiji zilipangwa katika madaraja ya A, B na C kulingana na ada, na zile zilizokuwa za Wazungu zikawa daraja la A. Mtoto wa karani au wa daktari Mwafrika aliingia; mtoto wa mpishi wake alibaki nje. Kwa miaka mingi hizo ndizo zilizokuwa shule za watu wa tabaka la kati magharibi mwa jiji, na wazee wengi wanaoongoza benki na idara za serikali leo walijifunza kusoma humo.

Kisha, Januari 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ikafuta karo ya shule za msingi za umma. Idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Katika mitaa kama Kilimani jambo jingine lilitokea kwa utulivu zaidi: malango yaliyokuwa yamefungwa kwa karo yalifunguliwa kwa watoto wa Kibera na Kawangware, ambao walikuwa majirani tangu mwanzo. Wenye nyumba za Kilimani wakaanza kuwatoa watoto wao. Hakuna aliyewafukuza. Waliona madarasa yamejaa, wakaogopa matokeo ya mtihani, na shule za kibinafsi zilikuwa zikiwasubiri kandokando ya Barabara ya Ngong: Riara tangu 1974, Makini tangu 1978, kisha nyingine nyingi upande wa Gitanga na Lavington.

Leo ukisimama kando ya Argwings Kodhek saa kumi na mbili na nusu asubuhi utaona jambo ambalo tangazo la nyumba halitalisema. Watoto waliovaa sare za shule za umma wanaingia mtaani kwa miguu, makundi makundi, wakitokea upande wa Kibera na Kawangware. Watoto wanaoishi mtaani wanatoka kwa mabasi ya njano na magari ya wazazi, wakielekea Lavington, Karen, Westlands na mbali zaidi. Makundi haya mawili hupishana kila siku ya kazi. Shule iliyo karibu na nyumba inayouzwa imejaa watoto ambao wazazi wao hawataweza kununua nyumba hiyo, na mnunuzi wa nyumba atalipa mafuta na karo ili mtoto wake asome mbali nayo.

Basi mpaka wa kwanza anaopaswa kuuelewa mnunuzi ni wa barabara. Kilimani imelala kwenye kingo za vijito vya Kirichwa, na barabara zake za zamani zilikusudiwa nyumba chache zenye magari machache. Mwongozo wa ujenzi wa jiji wa 2004 uliiweka Kilimani katika Zoni ya 4, ambako nyumba za ghorofa zilikusudiwa kuishia ghorofa nne. Tazama juu leo uhesabu mwenyewe. Katika ploti ya bangalo moja sasa kunakaa familia mia au zaidi, wote wakitoka kupitia geti moja, kwenye barabara ile ile, kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu. Upanuzi wa Barabara ya Ngong ulisaidia, na Ring Road inayokatiza Kilimani na Kileleshwa kuelekea Westlands iliwapa watu njia ya kukwepa katikati ya jiji. Lakini vijia vinavyoingia kwenye barabara hizo, kama vile Kirichwa, Wood Avenue, Lenana na Elgeyo Marakwet, havikuongezeka upana kwa kiasi cha ghorofa zilizoongezeka.

Kwa hiyo usipime umbali kwa kilomita, na usipime Jumamosi, siku ambayo ajenti hupenda kuwaonyesha watu nyumba. Nenda siku ya kazi, shule zikiwa zimefunguliwa, uendeshe kutoka geti la nyumba hadi geti la shule saa ambayo mtoto atatakiwa kutoka. Rudia siku ya mvua. Nyumba iliyo upande wa Yaya Centre na ile iliyo upande wa Valley Arcade zinaweza kuwa na bei moja na anwani ya mtaa mmoja, lakini kwa shule iliyo Gitanga moja iko upande wa kutoka na nyingine upande wa kuvuka msongamano wote. Waulize pia wenye basi la shule. Njia ya basi ndiyo ramani ya kweli ya shule ya kibinafsi jijini hapa: kama halipiti kwenye barabara yako, kwa shule hiyo wewe huko karibu, hata ukiwa unasikia kengele yake. Na kama linapita, uliza mtoto wako atakuwa wa ngapi kuchukuliwa. Wa kwanza kuchukuliwa huamka gizani na kuzunguka mtaa mzima akisinzia. Wa mwisho hupata usingizi na uji wa moto. Mtoto wa miaka sita atabeba tofauti hiyo kwa miaka.

Na miaka yenyewe sasa ni mingi. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023, wazazi wengi wa tabaka la kati walimpeleka mtoto bweni mapema, na nyumba ikawa mahali pa kuja likizo. Mtaala wa CBC uliochukua nafasi ya mfumo huo umebadilisha hesabu. Tangu Januari 2023 sekondari msingi, yaani Gredi 7 hadi 9, iko ndani ya shule za msingi. Mtoto akianza chekechea, PP1, anaweza kukaa katika ua mmoja kwa miaka 11 mfululizo. Shule utakayochagua mwaka huu ndiyo njia utakayopita kila asubuhi kwa miaka hiyo yote.

Hapo ndipo mpaka wa pili unapojitokeza, nao ni wa fedha. Wanunuzi hukaa na wakili na benki wakihesabu kila senti ya nyumba: arubuni, riba, ushuru wa stempu ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani, ada ya huduma ya kila mwezi. Wachache huweka karo kwenye karatasi hiyo hiyo. Tuseme mna watoto wawili, na shule mliyoipenda inatoza shilingi 150,000 kwa muhula. Zipo za chini ya hapo, na zile za mtaala wa Uingereza hupita hapo kwa mbali. Miaka 11 ni mihula 33 kwa kila mtoto, 66 kwa wote wawili. Hiyo ni shilingi milioni 9.9, kabla ya basi, chakula, sare, safari za masomo na nyongeza za karo ambazo huja bila kuombwa. Kwa nyumba ya milioni 14, ushuru wa stempu ni 560,000, na watu hukosa usingizi kwa ajili yake. Karo ya mwaka mmoja kwa watoto hao wawili ni 900,000.

Ninalosema ni kwamba katika mtaa huu familia hununua nyumba mbili: moja ya kulala na moja ya kusomea, na ya pili haina hatimiliki. Huwezi kuiuza ukikwama. Nimeona familia zilizojinyima sana ili ziishi Kilimani "karibu na shule", kisha baada ya miaka mitatu zikawahamishia watoto shule ya bei nafuu iliyo Rongai au Ruaka, na sasa mtoto ndiye anayesafiri kutoka mtaa ghali kwenda mtaa wa kawaida. Afadhali wangenunua huko tangu mwanzo. Silitamki hilo kwa kuwacheka. Liliwaumiza, na lingeweza kuonekana mapema kwa kalamu na karatasi moja.

Mpaka wa tatu ni mpya, na nadhani wanunuzi wengi hawajaufikiria. Watahiniwa wa kwanza wa Gredi 9 walifanya mtihani wao wa KJSEA mwishoni mwa 2025, wakaingia sekondari pevu, Gredi 10, Januari 2026. Katika kuchagua shule, kila mwanafunzi alijaza shule 12. Tisa zilikuwa za bweni: tatu katika kaunti ya nyumbani na sita nje yake. Tatu zilizobaki zilikuwa za kutwa, na hizo zilitakiwa ziwe katika kaunti ndogo ya nyumbani kwake. Soma tena sharti hilo la mwisho kama mtu anayenunua nyumba. Kwa mtoto ambaye hataitwa shule ya bweni, au ambaye wazazi wake hawataki bweni, kaunti ndogo ndiyo inayoamua orodha ya shule zake. Huo ndio mpaka wa serikali unaokaribia ule wa ughaibuni kuliko mwingine wowote tulio nao.

Sasa chukua ramani. Wadi ya Kilimani iko katika Dagoretti Kaskazini, pamoja na Kileleshwa, Kawangware, Gatina na Kabiro. Ukivuka Barabara ya Ngong kwenda Woodley, umeingia Kibra. Barabara moja, majirani wanaonunua mkate kwenye supamaketi moja, lakini kaunti ndogo tofauti. Kabla ya kununua, fungua orodha ya shule za umma za kutwa katika kaunti ndogo ya nyumba hiyo, uone zinafundisha mikondo gani kati ya ile mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Si kila shule ina maabara ya kufundisha wa kwanza au walimu wa kufundisha wa tatu. Mtoto anayependa kinanda na aliyezungukwa na shule zisizo na mwalimu wa muziki ana tatizo ambalo sebule kubwa haitalitatua.

Na tukiwa kwenye sheria, kuna mstari mmoja unaozunguka shule ambao unaweza kupimwa kwa mita. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile wengi waliyoizoea kwa jina la Mututho, inataka baa iwe umbali wa angalau mita 300 kutoka shule ya chekechea, msingi au upili. Kilimani imekuwa mtaa wa vilabu vya usiku kiasi kwamba mwishoni mwa 2022 serikali ya kaunti ilitangaza kufuta leseni za vilabu vilivyo katika makazi ya watu, baada ya wakazi kulalamika kwa miaka kuhusu kelele. Ukienda kuiona nyumba, zunguka shule hiyo Ijumaa saa tatu usiku. Kama muziki wa baa unafika ukutani mwa shule, umejifunza jambo kuhusu namna mtaa unavyowalinda watoto wake, na kuhusu usingizi wa wako.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote, na ambalo nitalikalia kidogo, ni kwamba shule yenyewe inaweza kuhama. Shule nyingi ndogo za chekechea na msingi za Kilimani zimo ndani ya bangalo za zamani zilizopangishwa. Ni mahali pazuri pa watoto: miti ya mjakaranda, nyasi, veranda pana, madirisha ya mbao. Lakini mwenye ploti hupigiwa simu na wastawishaji kila wiki, na nusu ekari Kilimani sasa ni utajiri wa kizazi kizima. Siku atakapokubali, shule itapewa notisi, na mahali pa bembea patachimbwa msingi wa ghorofa 18. Familia iliyonunua nyumba kwa sababu ya shule hiyo itabaki na ghorofa mpya dirishani na watoto wasio na shule. Uliza bila haya: ardhi hii ni ya shule au imekodishwa? Mkataba unaisha lini? Mwalimu mkuu mwaminifu hatakasirika. Angalia pia ubao wowote wa notisi kwenye ua, ule wa kuomba kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi, maana ndio huonyesha mapema kitakachojengwa.

Shule kubwa nazo hubadilisha wamiliki. Makini, iliyoanzishwa na familia moja, ilinunuliwa 2018 na wawekezaji wakiongozwa na kampuni ya elimu ya Afrika Kusini, AdvTech, na mwaka huo huo kampuni hiyo ilifungua Crawford katika Tatu City, Kiambu. Fedha za elimu ya kibinafsi zinaelekea kulikobaki ardhi: Kiambu, Karen, Syokimau. Anayenunua Kilimani leo akitegemea kwamba shule nzuri zitabaki Barabara ya Ngong milele anacheza na bahati.

Shule za umma ndizo zilizokaa. Hazikodi ardhi, hazihami, hazinunuliwi. Lakini ardhi yao huvamiwa. Hatujasahau Januari 2015, wanafunzi wa Lang'ata Road Primary waliporudi shuleni na kukuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta, na polisi wakawarushia vitoa machozi walipojaribu kuubomoa. Walikuwa watoto wa shule ya msingi, wengine wadogo kiasi cha kushikwa mkono wakivuka barabara. Uwanja ulirudishwa, na baada ya hapo serikali ikaagiza shule za umma zipewe hatimiliki. Kazi hiyo haikukamilika kila mahali. Katika mtaa ambao kila kipande cha nyasi kina mnunuzi, uwanja wa shule ya umma ni ardhi tupu machoni pa mtu mwenye tamaa, na mlinzi wake wa kwanza anapaswa kuwa jirani anayeuona kutoka kwenye roshani yake.

Na uhaba wa shule za umma una gharama yake. Miaka minne baadaye, Septemba 2019, jengo la shule ya Precious Talent liliporomoka Ng'ando, kandokando ya Barabara hiyo hiyo ya Ngong kilomita chache kutoka Kilimani. Watoto wasiopungua saba walifariki. Ilikuwa shule ya kibinafsi ya bei nafuu, ya mabati na mbao, katika eneo ambalo wazazi hawakuwa na shule ya umma ya karibu yenye nafasi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema shule zijengwe katika umbali unaofikika. Ghorofa za magharibi mwa Nairobi zimeongezeka kwa mamia tangu sheria hiyo ipitishwe. Shule za umma hazikuongezeka kwa kasi hiyo, na anayelipia pengo hilo kwa miguu yake ni mtoto wa Kawangware na wa Ng'ando.

Ndiyo maana namsihi kila anayenunua nyumba Kilimani aingie katika shule ya umma ya mtaa huo kabla ya kuiondoa kwenye hesabu yake. Aingie ndani, asiishie kuitazama kutoka garini. Shule ya Msingi ya Kilimani ina jambo ambalo shule nyingi ghali hazina: wanafunzi wenye ulemavu wa kuona husoma humo pamoja na wenzao wanaoona. Mtoto anayekua akimsomea rafiki yake ubao anajifunza kitu ambacho hakimo katika karo ya laki tatu. Madarasa yamejaa, ni kweli, na mwalimu mmoja hawezi kumfikia kila mtoto kama katika darasa la watoto 20. Chakula cha mchana angalau si mzigo kama zamani. Chini ya mpango wa Dishi na County ulioanza 2023, mtoto wa shule ya umma Nairobi hula kwa shilingi 5. Mzazi akiona yote hayo na bado akaamua kwenda shule ya kibinafsi, ameamua kwa macho yake. Wengi huamua kwa kusikia.

Tena hata asiyempeleka mtoto wake huko ana nafasi ya kuisaidia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepanga nani anakaa katika bodi ya usimamizi ya shule ya umma: wawakilishi sita wa wazazi, mmoja wa walimu, watatu wa mfadhili, mmoja wa watu wenye mahitaji maalum, mmoja anayeteuliwa na bodi ya elimu ya kaunti, na mmoja wa makundi ya jamii inayoizunguka shule. Kiti hicho cha mwisho hakihitaji mtoto darasani. Kinahitaji mkazi anayejua kusoma ramani ya ardhi, au kitabu cha hesabu, au mkataba wa ujenzi, na Kilimani imejaa mawakili, wahasibu na wahandisi wa namna hiyo, ghorofa kwa ghorofa.

Kwa aliye karibu kusaini, mpangilio wa hatua ni huu. Peleka ombi la nafasi shuleni kwanza, ukiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, upate jibu la maandishi. Endesha njia hiyo asubuhi, mara kadhaa. Angalia kaunti ndogo na shule zake za kutwa. Mwombe wakili anayekutafutia rekodi za ardhi ya nyumba atazame na ploti zilizo jirani na shule. Kisha ndipo umpigie ajenti simu kuhusu ile asilimia 10. Atakwambia kuna mnunuzi mwingine anayekuja kesho asubuhi. Mwache aje, Kilimani haijaishiwa na nyumba zinazouzwa, na viti vya darasani ndivyo vilivyo vichache.